Shamba la Amri na Bustani ya Hiari: Bustani za Nyumbani katika Historia ya Rumonge

Utangulizi

Ukiitaja Rumonge mbele ya Mrundi yeyote, mambo mawili humjia haraka: mawese na samaki. Vitabu vya historia huongeza la tatu, nalo ni mwaka 1972. Hivyo ndivyo unavyojulikana mji wetu, ulio kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, mwendo wa kilomita 70 hivi kusini mwa Bujumbura. Katika insha hii ninaleta jambo la nne ambalo halitajwi sana: bustani. Sisemi shamba. Nasema kile kipande cha ardhi kilicho nyuma ya nyumba au kando ya uzio, chenye matuta machache ya lengalenga, mashina ya intore, mpapai mmoja na mchaichai karibu na mlango wa jikoni.

Hoja yangu ni kwamba, kwa zaidi ya miaka mia moja, mashamba ya Rumonge yamelimwa kwa amri ya mtu mwingine: mkoloni, kampuni ya serikali, au bei ya soko. Bustani ya nyumbani ndiyo iliyobaki mahali pa hiari, ambapo mlimaji mwenyewe huamua apande nini na ale nini. Kwa hiyo, raha ambayo watu wetu huipata bustanini haitokani na maua na kivuli peke yake. Ina historia ndani yake, na historia hiyo ina machungu pia, kama nitakavyoonyesha.

Majira ya bustani kando ya ziwa

Shuleni, vitabu vya Kifaransa vilitufundisha majira manne ya mwaka, na vifungu vya kusoma vilijaa bustani za Ulaya zinazochipua mwezi Machi na kuchanua mwezi Juni. Kwetu hakuna theluji ya kungoja iyeyuke. Kalenda ya mkulima wa Burundi ina misimu mitatu: agatasi, kuanzia Septemba hadi Januari; impeshi, kuanzia Februari hadi Juni; na ici, yaani kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba. Kwa hiyo miezi ambayo Mzungu anafurahia bustani yake ndiyo miezi ya impeshi na ici yetu, lakini kazi haifanani. Mwenzetu wa Ulaya hufuata jua. Sisi hufuata maji.

Katika impeshi mvua humwagilia bure, na kazi ya mwenye bustani ni kupambana na magugu, konokono na nyanya zinazooza kabla ya kuiva. Ici ikifika, mvua hukatika kabisa. Vilima vya juu hukauka, na mashamba mengi hubaki na muhogo tu. Hapo ndipo Rumonge huonyesha bahati yake. Mji uko kwenye tambarare ya Imbo, ambako joto ni kubwa kuliko milimani, na maji yako karibu: ziwa lenyewe, pamoja na mito kama Dama na Murembwe. Mwenye ndoo, kopo na nguvu ya mikono anaweza kulima mboga miezi yote ya kiangazi. Zaidi ya hayo, ziwa lenyewe hushuka kidogo katika miezi hiyo, likaacha ukanda mwembamba wa udongo wenye unyevu ambao watu huuwahi kwa kupanda matembele na maboga.

Bibi yangu mzaa mama, anayekaa mtaa wa Birimba, humwagilia mara mbili kwa siku katika ici: alfajiri, na tena jua linapopungua ukali baada ya sala ya alasiri. Lengalenga yake huwa tayari kuchumwa baada ya wiki tatu au nne, na ukiikata vizuri huchipua tena. Intore, ambayo Watanzania huiita nyanya chungu, huzaa kwa miezi. Bamia akizisahau siku mbili huwa ngumu kama kuni. Majivu ya jikoni hunyunyizwa juu ya majani kufukuza wadudu, na samadi ya mbuzi hukaa kwanza ipoe kabla ya kutiwa kwenye tuta. Bibi husema kwamba tofauti ya shamba na bustani ni hii: shamba unalitembelea, lakini bustani unaishi nayo. Jirani akipita hupewa fungu la mboga au mche wa mrehani, naye kesho huleta mbegu za pilipili. Kwa njia hii mimea imesafiri kutoka uzio hadi uzio bila fedha.

Mchikichi ulipokuwa mti wa nyumbani

Watu wengi hudhani michikichi ya Rumonge ililetwa na Wabelgiji. Ushahidi unasema vinginevyo. Richard Burton na John Speke walifika Ujiji mwezi Februari 1858, na baadaye mwaka huohuo walisafiri kwa mitumbwi kuelekea kaskazini hadi Uvira, wakipita kwenye mwambao wetu. Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1860, Burton alitaja mchikichi na mafuta yake kama bidhaa ya kawaida ya ukanda huu. Kwa hiyo mti ulikuwapo kabla ya ofisi yoyote ya Kizungu. Haukuwa umepangwa kwa mistari. Ulikuwa mti wa nyumbani, unaosimama karibu na makazi pamoja na migomba, ukitoa mafuta ya kupikia, pombe ya utomvu wake, majani ya kuezekea na fito za ufagio.

Wakati huohuo biashara ya misafara ilikuwa ikibadilisha bustani za ziwa zima. Wafanyabiashara kutoka Zanzibar na Tabora walifanya Ujiji kuwa kituo chao, na kutoka hapo wakaenea hadi Uvira na mwambao wa Burundi. Lugha ninayoandikia insha hii ilifika Rumonge kwa njia hiyo, na mtaa mmoja wa mji wetu unaitwa Swahili hadi leo. Palipokaa watu wa misafara paliota pia miembe, milimau na vitunguu. Lakini tusisahau kwamba misafara hiyohiyo ilibeba pembe za ndovu na watumwa. Mwembe wenye kivuli kizuri unaweza kuwa ulipandwa na mtu aliyeletwa akiwa amefungwa kamba.

Ukiisoma bustani moja ya Birimba kama hati ya kale, unaona mabara matatu. Mwembe na mlimau asili yake ni Asia. Muhogo, mahindi, nyanya, pilipili, mpapai na mpera vilitoka Amerika, vikavuka bahari katika zama za Wareno. Mchikichi, bamia na intore ni vya Afrika hii hii. Mpishi anayechanganya sombe na mawese huweka Amerika na Afrika katika chungu kimoja, wala hafikirii kwamba anafanya jambo la ajabu.

Wazungu walioandika habari za mwambao huu hawakuyaona sana mambo hayo. Livingstone na Stanley walipita mwezi Novemba 1871 wakitafuta kujua kama mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka. Mapadri Weupe walifungua misheni Rumonge mwaka 1879, na historia yao hapa inakumbukwa kwa tukio moja tu: mwezi Mei 1881 wamisionari watatu waliuawa na misheni ikafungwa. Maandishi yanatupa tarehe za mito na vifo. Ni nani aliyekuwa akipanda nini nyuma ya nyumba yake, hilo tunalipata kwa kuitazama mimea yenyewe.

Kilimo cha kiboko

Mwanzoni mwa karne ya 20, chini ya Wajerumani, ugonjwa wa malale ulienea kando ya ziwa na kuondoa watu wengi katika tambarare ya Imbo. Baadhi walikufa, wengine walihamia au kuhamishiwa milimani. Wabelgiji walipoichukua nchi mwaka 1916, walikuta mwambao wenye rutuba na watu wachache kuliko zamani. Kwao hiyo ilikuwa nafasi.

Tangu miaka ya 1920 utawala wa Ruanda-Urundi ulilazimisha kilimo cha mazao fulani. Kwanza yalikuwa mazao ya kuzuia njaa, hasa muhogo na viazi vitamu, ambayo kila mlipakodi alitakiwa kuyapanda kwa kiasi kilichopangwa. Kisha yakaja mazao ya kuuza: kahawa milimani, pamba na mchikichi katika Imbo. Aliyepuuza aliadhibiwa, na adhabu iliyobaki katika kumbukumbu za wazee ni kiboko. Lengo la muhogo huenda lilikuwa jema, kwa kuwa njaa zilikuwa za kweli na kali. Lakini mkulima hakuulizwa.

Jambo linalonivutia ni kilichotokea baadaye kwa muhogo huo. Zao lililopandwa shambani kwa hofu liliingia bustanini kwa hiari. Wanawake walipanda mashina machache karibu na jiko, si kwa ajili ya mizizi bali kwa ajili ya majani, na sombe likawa chakula cha sherehe. Leo hakuna harusi Rumonge isiyo na sombe lililokolea mawese. Mtu aliyelazimishwa mmea aliufanya wake kwa kubadilisha matumizi yake.

Mchikichi ulikwenda njia ya kinyume. Mti wa nyumbani ukageuzwa kuwa mti wa mradi. Baada ya uhuru wa Julai 1, 1962, serikali iliendelea na kazi iliyoanzishwa na Wabelgiji ya kupanda michikichi iliyochaguliwa, na kampuni ya umma ya maendeleo ya Rumonge, SRD, ikasimamia miche na kiwanda. Miti hiyo hupandwa kwa mistari, na kwa kawaida huachana kwa mita 9 hivi. Ikikomaa, kivuli chake huzuia mahindi na maharagwe kuzaa vizuri. Kadiri michikichi ilivyoenea, chakula cha kila siku kilizidi kusogezwa kuelekea nyumbani. Bustani ndogo ikabeba mzigo ambao zamani ulibebwa na shamba zima.

Mwaka 1972: bustani zilizoachwa

Hapa ndipo historia ya bustani inapokuwa nzito. Tarehe 29 Aprili 1972 uasi ulianza katika mwambao wa kusini, Rumonge na Nyanza-Lac, na waasi waliua watu wengi, hasa Watutsi. Kisha serikali ya wakati huo ilifanya ukandamizaji ulioenea nchi nzima na kuua Wahutu kwa makumi elfu, wengi wao wakiwa watu waliosoma. Watu wa mwambao walikimbia kwa wingi kuelekea Tanzania. Ukiitazama kalenda, ilikuwa katikati ya impeshi. Maharagwe yalikuwa shambani na lengalenga ilikuwa imejaa nyuma ya nyumba.

Wakimbizi hao walipelekwa kwenye makazi ya Ulyankulu, Katumba na baadaye Mishamo. Waligawiwa ardhi wakafyeka misitu, na baada ya miaka wakawa wakulima wakubwa wa mahindi na tumbaku. Huku nyuma, ardhi yao Rumonge haikukaa tupu. Sehemu iliingizwa katika michikichi ya mradi, na sehemu iligawiwa watu wengine, ambao wengi wao walipewa kihalali na maofisa wa serikali na hawakumfukuza mtu yeyote kwa mikono yao.

Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000 uliahidi kwamba wanaorudi watarudishiwa mali zao. Mwaka 2006 iliundwa tume ya kitaifa ya ardhi na mali nyingine, CNTB. Kati ya mwaka 2008 na 2009 walirudi zaidi ya watu 50,000 wa kundi la 1972, na wengi walielekea Rumonge na Makamba. Tume mwanzoni ilipendelea wenye mgogoro wagawane kiwanja. Baadaye ikaelekea kumrudishia aliyekimbia eneo lote. Wasio na mahali pa kurudi walijengewa vijiji, kama Mutambara hapa Rumonge.

Katika migogoro hiyo, mti huwa shahidi. Aliyekimbia akiwa kijana alirudi akiwa mzee, akaonyesha mwembe uliopandwa na baba yake. Aliyekaa hapo miaka 35 alionyesha milimau na mparachichi alioupanda mwenyewe siku mtoto wake wa kwanza alipozaliwa. Wote wawili walisema kweli. Karibu na kwetu kuna kiwanja kilichogawanywa namna hiyo. Uzio wa mnyaa umepita katikati ya bustani iliyokuwa moja, na mwembe umeangukia juu ya mpaka. Watoto wa pande zote mbili huokota maembe yake. Watu wazima hawayaokoti, na hawauzungumzii mti huo.

Mfano huu unanilazimisha kuiwekea mpaka hoja yangu. Nimesema bustani ni mahali pa hiari. Lakini hiari ya mmoja inaweza kuwa imepandwa juu ya hasara ya mwingine, na raha ya kuchuma tunda la mti alioupanda aliyefukuzwa si raha isiyo na swali. Mwanahistoria akiandika juu ya bustani za Rumonge kama mahali pa amani tu, atakuwa amekata mizizi akaacha majani.

Bustani ni ya nani?

Swali hilo lina upande mwingine. Burundi haina sheria iliyoandikwa ya kugawa urithi wa ardhi katika familia, na kwa desturi watoto wa kiume ndio wanaorithi. Mwanamke hulima shamba la mumewe, au la kaka yake kama ameachika. Mavuno ya michikichi huuzwa, na mara nyingi fedha zake hupita mikononi mwa mwanamume. Bustani ni tofauti. Anayeipanda ni mwanamke, anayeamua ni yeye, na fedha za mafungu ya mboga yanayouzwa sokoni asubuhi hubaki kwake. Daftari langu la mwaka wa kwanza chuoni lilinunuliwa kwa lengalenga. Haki hiyo haimo katika kitabu chochote cha sheria, lakini kila mtu mtaani anaitambua.

Sasa haki hiyo inabanwa kutoka pande mbili. Upande wa kwanza ni ziwa. Ziwa Tanganyika halijawahi kutulia. Mwaka 1874 Verney Lovett Cameron aliukuta mto Lukuga, njia pekee ya maji kutoka ziwani, umezibwa kwa matope na mimea. Miaka michache baadaye kizuizi kilivunjika, na kabla ya karne kwisha ziwa lilikuwa limeshuka kwa takriban mita 10. Sehemu ya tambarare tunayoilima leo kando ya maji ilikuwa chini ya ziwa babu wa babu zetu walipokuwa watoto. Mwaka 1964, baada ya mvua kubwa za mwanzo wa muongo huo, ziwa lilipanda tena kwa kiasi cha kutisha. Na tangu mwaka 2020 hadi 2024 tumeona wenyewe maji yakiingia katika nyumba na bustani za mwambao, Rumonge na Gatumba pia.

Upande wa pili ni sheria. Sheria ya maji ya mwaka 2012 inatenga ukanda wa mita 150 kutoka Ziwa Tanganyika kuwa eneo la hifadhi. Sababu zake ni za msingi: udongo unaolimwa hadi ukingoni huishia ziwani, mazalia ya samaki huharibika, na aliyejenga karibu na maji atakuja kuokolewa kwa mtumbwi. Siipingi sheria hiyo. Ninachosema ni kwamba ukanda ule haukuwa mtupu. Ndipo zilipo bustani za ici za wanawake ambao hawana shamba kwa jina lao. Mwenye michikichi 200 akinyang'anywa mita chache atapata wa kumsikiliza, kwa sababu ana hati au ana ushirika. Mwenye matuta manne ya matembele hana karatasi yoyote ya kuonyesha.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba bustani ya nyumbani Rumonge ina historia yake, na kwamba historia hiyo haifanani na ile ya shamba. Mchikichi ulitoka nyumbani ukaenda kwenye mradi. Muhogo ulitoka kwenye amri ukaja nyumbani. Misafara, ukoloni, maafa ya 1972, marejeo ya wakimbizi na mabadiliko ya ziwa vyote vimeacha alama katika viwanja vidogo ambavyo mtu anaweza kuvizunguka kwa dakika moja.

Kwetu sisi wanafunzi wa Kiswahili, kuna kazi hapa. Majina ya mimea ya Rumonge yanachanganya Kirundi, Kiswahili cha Kongo na Kiswahili cha Ujiji, na kila jina lina njia lililopitia. Wanaoyajua vizuri ni bibi zetu, na hatutakuwa nao daima. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku maofisa watakapokuja na kamba kupima mita 150, ingefaa tuwe tumetangulia na daftari, tukiandika tuta kwa tuta: kilichopandwa, aliyekipanda, na mbegu aliipata kwa nani. Kama mwanamke huyo atalazimika kuhama, angalau iwepo karatasi moja inayosema kwamba hapa alilima.